Macho ya Damiano

Ufunguo ulikuwa wa chuma, mrefu kuliko kiganja cha mtu, na Panagos aliubeba kwenye mfuko wa ndani wa koti hata katika jua la Mei lililokuwa likichoma mawe. Ulikuwa wa mama yake kabla yake, na wa nyanya yake kabla ya hapo. Kanisa lenyewe lilisimama mwisho wa kijiji cha Kigiriki cha Platsara, dogo kiasi kwamba watu ishirini wakiingia, wawili wanabaki nje. Ni la Kosma na Damiano, ndugu wawili matabibu, watakatifu waliotibu watu bila kupokea chochote. Serikali ilibandika kibao ukutani kusema hii ni mali ya taifa, ya miaka mia nane. Kibao walileta. Chokaa ya kuziba ufa wa kuba hawakuleta.

Hayo ni maneno ya Panagos, na kijiji kilikuwa kimeyahifadhi. Kule kwenye mkahawa wenzake walimwita Waziri wa Funguo. Akiingia, mmoja huinuka kwa heshima ya uongo na kumuuliza kama mheshimiwa amepata jibu kutoka makao makuu. Yeye huvuta kiti na kuanza. Idara ya mambo ya kale haijatuma mtu miaka kumi na moja. Barabara imebomoka tangu uchaguzi wa kabla ya ule uliopita, na wabunge wanapita na magari marefu hawaioni. Kisha zahanati. Akifika kwenye zahanati hata wenye mzaha huinamia karata zao, maana kila mtu anajua kinachofuata. Ni zahanati iliyomuua Ligeri, mkewe. Walikwenda wakakuta karatasi mlangoni: daktari yupo Jumanne na Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano.

"Mke wangu aliuawa na karatasi," Panagos husema, na hakuna anayembishia. Mgane habishiwi.

Siku moja ya Mei basi dogo la wageni lilifika saa tano asubuhi, nalo lilikuwa limetoka Mistra, kwenye majumba ya wafalme wa kale. Baada ya Platsara lingeteremka pwani kwenye hekalu lililobaki nguzo tatu. Mwongoza watalii alikuwa binti wa Sparta anayeitwa Garifalia, ana sauti ya kuita mbuzi toka mlima wa pili, na kwa miaka mitatu sasa alikuwa akileta watu mara mbili kwa wiki. Panagos humngoja na kahawa. Binti huyo huinywa amesimama na kumwambia kwamba kahawa yake ikimwagwa kaburini maiti atauliza saa ngapi.

Siku hiyo hakutania. Aliacha wageni wakipiga picha kizingiti cha mlango, ambacho ni jiwe la marumaru lililochukuliwa kwenye lile hekalu la pwani na kuwekwa juu chini, maandishi yakiangalia mbingu kinyume. Akamvuta Panagos kando.

"Mzee wangu, leo nina bwana na bibi kutoka Uturuki. Watu wazima, wastaarabu, wale pale. Habari ya macho nitairuka. Sitaki kumwaibisha mgeni."

"Iruke," alisema Panagos. "Kwani mimi imenipunguzia nini?"

Akaona miguu yake imekuwa myepesi, kama mtu aliyetolewa kokoto kiatuni. Hakujiuliza kwa nini. Alikuwa amejizoeza kutojiuliza.

Habari ya macho ni hii. Kwenye ukuta wa kusini wamechorwa wale ndugu wawili, kila mmoja na kisanduku cha dawa mkono wa kushoto na kijiko mkono wa kulia. Nguo zao bado zina rangi ya divai. Ndevu zimechorwa unywele mmoja mmoja. Lakini penye macho hapana macho. Pana mashimo ya lipu, mawili kwa kila uso. Garifalia husimama pale na kuwaambia wageni kwamba zama za utawala wa Waturuki askari waliwakwangua macho watakatifu ili wasione waliyokuwa wakiwafanyia watu. Wageni huguna kwa huzuni. Wengine hufunga macho yao wenyewe kidogo. Halafu hupiga picha.

Na hadithi hiyo Garifalia aliipata kwa Panagos mwenyewe. Mwaka wa kwanza alimuuliza nani amefanya haya, naye akajibu kabla hajameza mate. Haikuwa kazi. Nusu ya makanisa ya eneo lao la Mani husemwa hivyo. Mwalimu aliwaambia hivyo shuleni, naye mwalimu aliambiwa na mwalimu wake, na Panagos aliacha shule darasa la nne akiwa na hilo moja kichwani bila kuyumba.

Kumbe aliyejua zaidi ya mwalimu ni mama yake. Macho ya Kosma yalikwanguliwa na wanawake wa Platsara. Tangu enzi ambazo nyanya hakuzikumbuka, mtu akiugua, mama wa nyumba huchukua ufunguo, akakwangua chembe ya jicho la tabibu, akaitia kwenye kijiko cha maji ya baraka na kumnywesha mgonjwa. Jicho lililomwona Mungu, walisema, linajua ugonjwa ulikojificha. Panagos mwenyewe alikunywa. Alikuwa na miaka sita, surua imemfumba macho, na siku ya tatu aliamka akaona mbuzi amechungulia dirishani. Jicho la Kosma lilipoisha, wanawake walikubaliana kwamba Damiano asiguswe. Ni lazima mmoja abaki anaona, amwongoze mwenzake.

Damiano alibaki anaona mpaka Novemba ya miaka mitatu na nusu iliyopita.

Hilo lilijulikana na mtu mmoja tu duniani. Wanakijiji walikuwa wameacha kuingia kanisani humo isipokuwa kwa sikukuu, na siku ya sikukuu mishumaa hutoa moshi na watu hutazama wajukuu wao, hawatazami ukuta. Mkaguzi wa idara hakuja. Panagos aliyewatukana idara miaka yote, kwa hilo moja alishukuru uzembe wao, akaona aibu kushukuru, akaongeza matusi.

Ndani ya kanisa Garifalia alieleza kuba, akaeleza malaika, akaeleza nguzo mbili zilizotoka hekaluni na jinsi wale wa kale walivyochukua mawe ya miungu wao wa zamani bila kuona haya. Alipofika ukuta wa kusini alisema majina ya watakatifu na kazi yao, akageuka kuelekea mlangoni. Ilikuwa imekwisha. Panagos, ambaye husimama kizingitini kama askari wa lango, alishaanza kupisha watu watoke.

Lakini kulikuwa na mgeni mmoja mrefu wa nchi za baridi, mwenye kamera yenye mdomo kama bomba la jiko. Hakutoka. Alitazama uso wa Kosma, akatazama wa Damiano, akarudi kwa Kosma. Akauliza kitu. Garifalia akajibu kwa neno moja. Mgeni akauliza tena, sasa akionyesha Damiano kwa kidole, kisha kidole kile kile kikaja mpaka kifuani kwa Panagos.

Panagos hajui lugha yao, lakini kidole anakijua.

"Anauliza kwa nini huyu mmoja ni mweupe kuliko mwenzake," alisema Garifalia, hamtazami usoni. "Anauliza nani analitunza kanisa hili."

Ufunguo ulikuwa kama kaa la moto mfukoni. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema unyevu, ufa wa kuba, walaumiwe walioko ofisini, na nusu yake ingekuwa kweli. Lakini ulimi una njia yake kama punda wa kinu, hata ukimfumba macho atazunguka pale pale.

"Waturuki," alisema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, na neno hilo halihitaji mkalimani. Watu wote tisa waliligeukia. Garifalia alifumba macho. Kwenye kona, chini ya malaika, bibi mfupi aliyevaa kofia ya ukindu na kushika mkongojo alimtazama mumewe kumuuliza kama amesikia sawa. Mumewe alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayepokea salamu za msiba.

Nje Panagos aliwatolea wageni sinia. Ni desturi, kijiko cha machungwa machachu yaliyopikwa kwa sukari na gilasi ya maji. Zamani Ligeri ndiye aliyeyapika. Siku hizi anayanunua dukani, na kila mgeni akisifu utamu hujibu asante kana kwamba ni mkono wake. Alikuwa anainama kumpa yule wa kamera alipohisi mkono wake umeshikwa.

Alikuwa yule bibi. Jina lake Nazmiye. Aliushika mkono wa Panagos kwa mikono yake miwili, mkongojo ukaanguka, hakuujali. Akasema maneno mengi, taratibu, akimwangalia machoni, na mwisho wa maneno machozi yalimtoka bila kishindo. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake. Alipofungua kinywa alizungumza Kigiriki, si cha vitabuni bali cha Krete, cha bibi wazee, na maneno mengine Panagos aliyasikia mara ya mwisho kwa nyanya yake. Watu wake, alieleza, walihamishwa kutoka Krete kupelekwa Ayvalik upande wa Uturuki, enzi nchi mbili zilipobadilishana Waislamu na Wakristo wao. Kituruki walijifunzia njiani, Kigiriki kikabaki jikoni. Yeye ni Rasim.

"Mke wangu anasema, hatukuwa sisi, lakini ilikuwa mikono ya kwetu," alitafsiri. "Anasema jicho ni kitu kibaya kumnyang'anya mtu, hata mtu wa ukutani. Anasema mtusamehe, ndugu."

Wageni wote waliacha vijiko. Yule mrefu alishusha kamera, na hata huko kushusha kulikuwa kwa heshima. Walimtazama Panagos kama mtu aliyebeba jambo kubwa kwa niaba ya wengi, na sasa wanataka kuona ana moyo gani.

"Yamepita, mama," alisema Panagos. "Yamepita."

Na kwa mkono wake mwingine akampigapiga bibi yule juu ya kiganja, kama mkubwa anayemtuliza mdogo aliyekiri kosa. Baadaye ndicho kitu kilichomrudia zaidi kuliko neno lolote, kule kumpigapiga. Aliusamehe mkono usio na hatia, na mkono uliosamehe ndio ulioshika kisu.

Garifalia akamrudishia Nazmiye mkongojo wake na kumkalisha kwenye benchi la mawe. Wageni walianza kunong'ona tena. Rasim akamsogelea Panagos, akamwomba, kama haoni taabu, waingie tena kuutazama ukuta. Yeye si msomi, alisema. Amepiga lipu miaka arobaini na mbili, misikiti, mabafu, nyumba za matajiri, na kuna ukuta mwingine mtu akiuona mara moja halali.

Panagos angekataa vipi? Waliingia wawili.

Rasim hakukimbilia nyuso. Alianzia chini, kwenye miguu ya watakatifu, kama fundi. Akausikiliza ukuta kwa kugonga na kifundo cha kidole. Akasifu. Chokaa hii ililazwa shimoni miaka, alisema, ndiyo maana imeshika. Siku hizi hawasubiri hata wiki.

"Wenye amri hawajali," Panagos alianza, akashukuru kupata mahali pa kukanyaga. "Wangekuwa wanajali, ule ufa pale juu..."

"Kwetu hivyo hivyo," alisema Rasim kwa adabu, na ile adabu ikamfunga mdomo.

Kisha akalamba ncha ya kidole na kuigusa tundu la jicho la Kosma. Akaitazama kidoleni. Ilikuwa ya kahawia, masizi ya mishumaa ya vizazi. Akakifuta kidole, akalamba tena, akagusa tundu la Damiano. Kidole kilitoka cheupe kama kilichotiwa unga.

Nje Garifalia alikuwa anaeleza habari ya maandishi ya mlangoni, sauti yake ikiingia kwa vipande.

"Huyu ana miaka sitini," alisema Rasim akimwonyesha Kosma. "Labda mia. Huyu hana hata mitano."

Panagos alitazama sakafu.

"Na si panga, wala si mkuki. Ni kisu kidogo kilichopinda ncha, cha kupogolea. Ona. Ameanzia katikati akatoka nje kidogo kidogo, hakuvuka hata mstari wa kope. Ndugu yangu, mtu mwenye chuki hafanyi hivi, hupiga shoka akaenda zake. Huyu alikwangua kama mama anayekomba uji wa mwisho wa mtoto sufuriani." Akamgeukia. "Hata bibi zetu walikuwa na kaburi la mtu mwema ambalo walichota udongo wake. Nani alikuwa mgonjwa?"

Hakuuliza kama polisi. Angeuliza kama polisi Panagos angejua la kufanya, polisi amewajibu maisha yake yote. Shida ya swali lile ilikuwa sehemu yake ya pili. Ukisema nani alikwangua, itakubidi useme kwa nini. Ukisema kwa nini, itakubidi useme ulikuwa wapi wiki tatu zile za ugonjwa wa Ligeri.

Aliketi kwenye kiti cha waimbaji. Akaanza na karatasi ya zahanati, kwa mazoea, akafika kwenye Jumatano, na hapo, mahali ambapo siku zote husimama na watu huinamisha vichwa, Rasim hakuinamisha kichwa. Alingoja. Basi Panagos akaendelea, na njia ile hakuwahi kuipita kwa sauti.

Siku ile walirudi nyumbani kutoka zahanati kwa pikapu yao wenyewe. Ilikuwa na mafuta nusu tangi. Hospitali ya mji ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na barabara, pamoja na mashimo yake yote aliyoyapigia kelele, ilikuwa inapitika, kwani aliipita kila juma kupeleka zeituni kukamuliwa. Macho ya Ligeri yalikuwa yamegeuka njano. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, akasema mara moja tu, bila kumtazama, "Panagos, twende mjini." Naye akasema, tumalize ya bondeni. Ulikuwa mwaka wa kwanza mizeituni kuzaa vizuri baada ya mitatu ya ukame, nyavu zilishatandazwa, vibarua wamekwisha patikana kwa taabu, na mvua ilitangazwa. Ligeri hakuwa mwanamke wa kusema jambo mara mbili. Aliteremka naye bondeni akaokota zeituni amepiga magoti, na jioni macho yake yalikuwa na rangi ya mafuta mapya.

Si kwamba Panagos hakuwa na moyo. Moyo ulimsumbua kiasi kwamba adhuhuri moja, vibarua wakila, alichukua ufunguo na kisu akasimama juu ya kiti hiki hiki. Alikwangua kwa uangalifu. Alijiambia surua yake ya utotoni ilipona. Alijiambia sasa amefanya kitu. Ligeri alikunywa kijiko chote, akajipangusa mdomo, akasema, "Umempofusha tabibu ili usinipeleke kwa tabibu." Akacheka. Naye akacheka, Mungu amsamehe, akarudi bondeni.

Wiki tatu. Walipofika hospitali daktari kijana alimuuliza mgonjwa macho haya yana muda gani hivi. Panagos alikuwa amesimama karibu na kitanda, kofia mkononi. Ligeri alimtazama yeye kwanza. Halafu akamwambia daktari, "Tangu juzi, mwanangu."

"Juzi," alisema Panagos. "Alisema juzi. Hakuwa na nguvu ya kuinua gilasi, akainua uongo ule mzima ili mimi nisiaibike mbele ya mtoto wa watu."

Aliishi siku kumi na mbili baada ya hapo. Mafuta ya mwaka ule bado yako ghalani, kwenye mapipa ya bati. Hayaliki wala hayauziki.

Rasim hakumshika bega. Hakusema kwamba Mungu ni mwingi wa rehema. Alitoa leso, akafutia kile kidole chenye unga mweupe, akaikunja leso kwa ndani kwa uangalifu akaitia mfukoni.

"Mimi nitanyamaza," alisema. "Nimenyamazia kuta nyingi, kazi yetu ndiyo hiyo. Mtu anataka ufa uzibwe, hataki kuulizwa umetoka wapi. Lakini Nazmiye amekuomba radhi mbele ya watu, nawe umempa. Hilo sina chokaa yake."

Akatoka.

Panagos alibaki na watakatifu wawili vipofu. Alitaka kukasirika. Alimtafuta mtu wa kumkasirikia, akazunguka wote, waziri, mbunge, mkaguzi, daktari wa Jumanne na Ijumaa, hata huyu Mturuki aliyekuja na vidole vyake. Wote walikuwa na makosa yao. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameshika usukani wa ile pikapu.

Alipotoka wageni walikuwa wanapanda basi. Dereva amewasha mashine. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama, kofia ameivua.

"Garifalia, mwanangu. Nitafsirie."

"Mzee wangu, tumechelewa, watu wana njaa. Utaniambia Alhamisi."

"Nitafsirie. Waambie macho hayakutolewa na Waturuki. Yule wa kushoto ni wanawake wa hapa, kwa dawa. Yule wa kulia ni mimi."

Garifalia alicheka kidogo, kisha akaona ile kofia mkononi. "Usinitanie namna hii."

"Ni mimi. Kwa kisu cha kupogolea. Waambie."

Akawaambia. Alianza kwa ile sauti yake ya mlima wa pili na akamaliza kwa sauti ambayo waliokaa viti vya nyuma hawakuisikia, ikabidi waulizane. Hakuna aliyejua la kufanya. Mtu akikiri kuua, watu wanajua kukimbia. Yule wa kamera alifungua mdomo kuuliza jambo, mwenzake akamkanyaga mguu. Garifalia alishuka ngazi moja, uso umemwiva, akasema kwa sauti ya chini, ya kwao wawili tu:

"Miaka mitatu, Panagos. Mara mbili kwa wiki. Kwa mdomo wangu huu."

Hakumwita mzee.

"Mdomo wako, maneno yangu," alisema. "Kosa ni langu."

"Hapana. Mimi ndiye niliyesoma. Ningeangalia." Akapangusa jasho la shingo. "Nitawaandikia idara. Lazima. Unajua kwamba lazima?"

Akatoa ufunguo akampa. Garifalia alirudisha mikono nyuma. Yeye si idara, alisema, watakuja wenyewe kuuchukua. Panagos alikaribia kusema hao hawaji, hao hata wakiitwa na maiti hawaji, akaisikia sauti yake mwenyewe kabla haijatoka, akanyamaza na ufunguo wake mkononi.

Nazmiye alikuwa amekaa dirishani. Rasim alikuwa ameinama akimweleza, na alieleza kwa kifupi. Bibi yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Panagos kupitia kioo kilichokuwa wazi, si kwa machozi tena, akashusha macho kwenye kiganja chake, kile kilichopigwapigwa, akakifuta kwenye sketi yake. Mara moja. Akasema maneno machache.

"Amesema nini?" Panagos aliuliza.

Rasim alitazama mbele. "Hayo sitayatafsiri. Ni Kituruki cha jikoni."

Basi likaondoka, likaruka mashimo ya barabara mpaka kwenye kona ya mtini, likapotea.

Sinia lilikuwa bado kwenye benchi, na vijiko tisa. Aliviosha. Akafunga kanisa. Halafu, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda na nyumbani kulikuwa na ghala, alikwenda mkahawani.

Walikuwa wanne na karata. Mmoja aliinuka, akaweka mkono kifuani. "Mheshimiwa Waziri. Wageni wameridhika na hali ya wizara?"

Panagos alivuta kiti chake. Akauweka ufunguo juu ya meza, kitu ambacho hakuwahi kufanya, ukalia kwenye marumaru. Aliyeinuka akakaa. Wakamngoja aanze na idara, au barabara. Hakuanza na hayo.

"Siku ile ilikuwa Jumatano," alisema.

Wakainamisha vichwa, kwa heshima, kama kawaida. Mmoja akazipanga karata zake ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Na Alhamisi pikapu ilikuwa mlangoni," alisema Panagos. "Na Ijumaa. Na Ijumaa daktari alikuwepo."

Vichwa havikuinuka. Aliweka mikono miwili juu ya meza, akingoja mtu ambishie.